Kuongeza Muda wa Kukaa Nchi za Nje Kabla Haujamalizika

(Maelezo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya wananchi wa Hasamba, Mkoa wa Songwe, na wafanyabiashara wa Visiwani waishio huko. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu ili yawafae na wasomaji ambao hawakuwepo.)

 

Awali ya yote natoa shukrani kwa kupokelewa vizuri. Nimetoka Unguja, nimevuka bahari, nimepanda basi hadi Vwawa, na tangu nifike hapa kila nyumba niliyoingia nimepewa kahawa. Sisi watu wa pwani tunajidai kuijua kahawa, kumbe tunajua kuinywa tu. Mti wake nimeuona kwenu.

Sababu ya safari yangu mnaijua. Wafanyabiashara wenye asili ya Pemba na Unguja walioko hapa na Tunduma walituandikia barua wakiomba waelezwe habari za vibali vya kukaa nchi za watu. Vijana wao wawili walirudishwa kutoka kusini wakiwa na mihuri ya kuzuiwa katika hati zao za kusafiria, na mzee mmoja ana binti yake Ghuba ambaye kibali chake kimebakia na muda mchache. Mambo ya uraia na uhamiaji ni ya Muungano, na Wizara yetu haina mamlaka ya kutoa au kuongeza kibali cha mtu yeyote. Kazi yetu ni kueleza. Inafaa lifahamike hilo mapema, asije mtu baada ya mkutano akanikabidhi pasipoti.

Ndugu wananchi, hapa Songwe mna jambo ambalo sisi wa Visiwani hatunalo. Sisi mpaka wetu ni bahari, na mtu hawezi kuvuka bahari kwa bahati mbaya. Nyinyi mpaka wenu ni barabara. Mtu wa Tunduma anatoka asubuhi, ananunua unga Nakonde, anarudi kula chakula cha mchana kwake, na siku nzima hakuna aliyemuuliza jina. Mazoea hayo yamejenga ujirani mwema na sina la kuyasema. Lakini kijana aliyekulia katika mazoea hayo akipanda basi la Lusaka, au la Kitwe, au akaendelea mpaka Johannesburg, huenda na fikra ile ile kwamba mpaka ni mahali pa kupita tu. Huko aendako mpaka unamfuata ndani. Upo katika muhuri uliogongwa kwenye hati yake, na una tarehe. (Kimondo chenu cha Mbozi, tani zipatazo 16, kiliingia nchini bila ya kibali na hadi leo hakijaondoka. Sijui mwingine aliyepewa ruhusa hiyo.)

Nitaanza na kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya, ili msidhani nimekuja hapa kuwasema watu.

Mwaka 1998 nilipelekwa katika nchi moja ya nje kwa mafunzo ya miezi tisa. Katika pasipoti yangu palikuwa na visa ya mwaka mzima. Nikatua uwanjani, ofisa akagonga muhuri, akaandika tarehe kwa kalamu, nami sikuisoma. Niliona visa ni ya mwaka, basi mwaka wangu ninao. Ofisi ya chuo nayo iliniambia kila kitu kiko sawa. Kumbe visa ile ilikuwa ni ruhusa ya kubisha hodi katika kipindi cha mwaka mmoja. Ruhusa ya kukaa ndiyo ile iliyoandikwa kwa kalamu, na ilikuwa ya miezi sita, nayo ingepaswa kuongezwa kabla ya kumalizika. Niligundua hayo nilipokwenda kuuliza jambo jingine kabisa. Nilikuwa nimepitiliza siku kumi na moja. Nikatozwa faini, nikaandikiwa, nikamaliza mafunzo yangu, nikarudi nyumbani nikiamini mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Mwaka 2007 marehemu mama yangu alitakiwa apelekwe nje kwa upasuaji, nami ndiye niliyekuwa nimfuate. Fomu ya maombi ya visa, ya nchi nyingine kabisa, iliuliza: je, umewahi kupitiliza muda katika nchi yoyote? Nilijibu kweli, kwa sababu uongo katika fomu ile ni kosa kubwa kuliko lenyewe. Basi ombi langu likawekwa kando lichunguzwe. Mama akasafiri na binti wa jirani. Mimi nilifika wiki tatu baadaye, upasuaji ukiwa umeshafanyika, naye ananiuliza nilikuwa wapi. Siku kumi na moja za mwaka 1998 ndizo zilizonifanya nishindwe kumjibu.

Kwa hivyo, jambo la kwanza la kufahamu ni hilo: visa ni kitu kimoja na muda wa kukaa ni kitu kingine. Katika nchi nyingi vinafuatana, lakini si zote. Marekani, kwa mfano, visa iliyobandikwa katika pasipoti yaweza kuwa na umri mrefu, ilhali muda wa kukaa unatokana na kumbukumbu ya kuingia, ambayo mtu huitazama mwenyewe kwa kompyuta. Aliyepitiliza huko zaidi ya siku 180 kisha akaondoka hufungiwa miaka 3. Aliyefikisha mwaka mmoja au zaidi hufungiwa miaka 10. Uingereza nako mkanganyiko ulitokea kwa upande wa pili. Zile kadi za ukaazi walizokuwa nazo wageni zilikuwa zimeandikwa mwisho wake ni tarehe 31 Disemba 2024, kwa sababu nchi ile ilikuwa inahamia kwenye kumbukumbu za kielektroniki. Wako ndugu zetu walioingiwa na hofu wakidhani ukaazi wao umekufa pamoja na kadi. Kadi ilikufa, lakini ruhusa ya wengi wao ilikuwa hai kwa miaka mingine. Isomeni barua ya ruhusa yenyewe, msiishie kwenye kadi.

Jambo la pili ni hesabu ya siku, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu wengi wanakwama hapa.

Siku 90 si miezi mitatu. Mtu akiingia tarehe 1 Julai, na siku ya kuingia ikahesabiwa, siku yake ya tisini ni tarehe 28 Septemba. Aliyejiwekea mwisho wa Septemba ameshapitiliza siku mbili. Nchi za Ulaya zenye visa ya pamoja ya Schengen huhesabu siku 90 ndani ya kila siku 180, na hesabu hiyo hutembea kila siku pamoja na mtu. Haianzi upya mwezi mpya wala mwaka mpya. Mwenye kutaka kukaa zaidi ya hapo huhitaji visa ya muda mrefu ya nchi moja maalumu, na kuiongeza kwake ni kwa ofisi za nchi hiyo.

Kisha kuna usiku. Sisi tuliosoma chuoni tunajua kuwa siku huingia kwa kuzama jua. Tukisema usiku wa Ijumaa tunakusudia ule unaotangulia Ijumaa. Ofisa wa uhamiaji hajui hesabu hiyo. Kwake yeye siku hugeuka saa sita ya usiku. Mtu ambaye ruhusa yake inaishia Alkhamisi, na ndege yake inaruka saa nane usiku, hujiona anaondoka siku ile ile ya Alkhamisi baada ya Isha. Kwa ofisa ni Ijumaa, na amepitiliza. Tiketi ya namna hiyo ni ya rahisi mara nyingi, nayo huja kuwa ghali uwanjani.

Na wale wenye jamaa zao Saudi Arabia wazingatie kwamba kwa miaka mingi vibali vya ukaazi vya huko vilihesabiwa kwa mwaka wa Hijria, ambao ni mfupi kwa siku zipatazo 11 kuliko huu wa Miladia. Mwezi wa Novemba 2023 Baraza la Mawaziri la nchi hiyo liliamua kutumia Miladia katika shughuli rasmi, isipokuwa zile zinazofungamana na sharia. Hata hivyo mwenye karatasi ya zamani aitazame vizuri ni ya hesabu ipi.

Sasa niingie katika lile linalowagusa zaidi vijana wa hapa, nalo ni la kutoka na kurudi. Imekuwa kama ilimu inayorithishwa kwamba muda ukikaribia mwisho, mtu huenda mpakani, hugongewa muhuri wa kutoka, hunywa chai Tunduma, hugongewa muhuri wa kuingia, na hesabu ikaanza upya. Ziko nchi ambako jambo hilo liliachiwa kwa muda. Lakini tazameni nchi mnazokwenda nyinyi. Zambia humpokea Mtanzania bila ya visa. Aliyekwenda kutembea hupata hadi siku 90, na aliyekwenda kwa shughuli za biashara siku 30, na hizo 30 ni za kipindi kizima cha miezi 12. Mfanyabiashara aliyetumia siku 10 mwezi wa Machi na 15 mwezi wa Juni amebakiwa na siku 5, hata akitoka na kurudi mara mia. Anayehitaji zaidi huomba kibali cha muda kabla siku zake hazijaisha, na anayeajiriwa huomba kibali cha kazi. Yule anayejiandikisha kuwa mtembezi na huku ana duka amejitia katika makosa mawili kwa mkupuo mmoja.

Afrika Kusini ndiko walikorudishwa wale vijana wetu. Mtanzania huruhusiwa kuingia huko kwa matembezi bila ya visa kwa siku 90 kwa mwaka. Kwa mujibu wa kanuni zilizoanza kutumika Mei 2014, anayepitiliza kwa muda usiozidi siku 30 hutangazwa kuwa mtu asiyetakiwa kwa miezi 12. Anayerudia kosa hilo ndani ya miezi 24 hufungiwa miaka 2. Na anayepitiliza zaidi ya siku 30 hufungiwa miaka 5. Zamani mtu alilipa faini akaondoka, akarudi. Siku hizi kufungiwa kwenyewe ndiko adhabu. Na mwenye kibali cha muda mrefu, awe mwanafunzi au mfanyakazi, hutakiwa apeleke ombi la kukiongeza si chini ya siku 60 kabla ya kumalizika. Ndiyo kusema kwamba anayekumbuka mwezi mmoja kabla ameshachelewa, ingawa kibali chake bado kizima mkononi.

Ndugu wananchi, nimekutana na watu wanaodhani ubalozi wetu ndio unaowaongezea muda. Sivyo. Ubalozi wa Tanzania ulioko Muscat hauwezi kutoa kibali cha kukaa Oman, kama vile ubalozi wa nchi nyingine ulioko Dar es Salaam usivyoweza kumpa mtu kibali cha kukaa Songwe. Linalofanywa na ubalozi wetu ni kushughulikia pasipoti, kutoa hati ya dharura ya safari inapohitajika, na kumsemea raia aliyedhulumiwa. Na hilo la pasipoti ndilo mlango wa yote. Nchi nyingi hazikubali kuongeza muda juu ya pasipoti iliyobakiza chini ya miezi sita, na nyingine hazitoi kibali kinachovuka umri wa pasipoti yenyewe. Nasaha yangu ni kwamba pasipoti ikibakiza mwaka mmoja, mtu aanze kuishughulikia, kwa sababu fomu, alama za vidole na usafirishaji vyote vina siku zake, na siku hizo huliwa kutoka katika muda wako wa kukaa. Pasipoti ya zamani yenye kibali ndani yake usiitupe. Tembea nazo zote mbili.

Huko Ghuba kuna uzito wa ziada. Katika nchi nyingi za upande ule mfanyakazi haongezi kibali chake mwenyewe. Huongezwa na mwajiri aliyemdhamini, yule anayeitwa kafili. Binti anaweza kuwa mwaminifu, hajui hata barabara ya kutokea nyumbani anakofanya kazi, na kibali chake kikafa kwa sababu tajiri yake hakulipia. Faini huandikwa kwa jina la binti. Ndiyo maana nasema wazazi mlioko hapa mna kazi ya kufanya. Tarehe ya mwisho ya kibali cha mtoto wenu iandikeni ukutani nyumbani kwenu. Miezi mitatu kabla, mwambieni amkumbushe tajiri wake, tena kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, na asiufute. Ikibakia miezi miwili na hakuna lililofanyika, apeleke habari ubalozini na katika ofisi ya kazi ya nchi ile. Akingoja mpaka kibali kife, tayari yeye ndiye mkosa mbele ya sheria, na maneno yake husikilizwa kwa shida.

Kuhusu kuzuiliwa kwa pasipoti, Sheria ya Kazi ya Oman iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 53 ya mwaka 2023 inamkataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi isipokuwa kwa ridhaa yake ya maandishi. Zingatieni hayo maneno ya mwisho. Binti akipewa karatasi ya Kiarabu asiyoweza kuisoma, akaitia saini siku ya kwanza ya kazi, pengine ameshatoa ridhaa hiyo. Sisi tuliohitimu msahafu tunazisoma herufi zile, lakini kusoma herufi si kuelewa mkataba, na mimi mwenyewe nimeshuhudia watu wazima wakitia saini kwa kuwa tu maandishi yalifanana na ya Kitabu.

Mtaniuliza habari za msamaha. Ni kweli nchi hizo hutangaza msamaha mara kwa mara. Oman iliwaruhusu wasio na vibali halali kuondoka bila ya faini kuanzia Novemba 2020, na muda huo ukaongezwa mara kadhaa hadi mwaka 2021. Umoja wa Falme za Kiarabu ulifanya hivyo mwaka 2018, kisha tena kuanzia tarehe 1 Septemba 2024 kwa miezi miwili, ukaongezwa mpaka tarehe 31 Disemba 2024. Waliojitokeza waliweza kuondoka bila ya kufungiwa, au kurekebisha hali zao wakabaki. Lakini msamaha si jambo la kuwekea hesabu. Huko Dubai faini ni dirham 50 kwa siku. Siku 100 ni dirham 5,000, ambazo ni zaidi ya dola 1,300. Mshahara wa mtumishi wa nyumbani wa miezi mingapi huo? Mwenye kukaa akisubiri msamaha wa mwaka usiojulikana huishi kwa kujificha, hapati daktari kwa urahisi, akidhulumiwa hashitaki, na akifiwa nyumbani hawezi kuja kuzika.

Uingereza ina utaratibu ambao ningependa kila nchi iwe nao. Kwa kifungu cha 3C cha Sheria yao ya Uhamiaji ya mwaka 1971, mtu aliyepeleka ombi lake la kuongeza muda kabla ruhusa yake haijamalizika huhesabiwa yumo kihalali, kwa masharti yale yale, mpaka ombi lake liamuliwe, hata likikaa miezi. Aliyechelewa siku moja hana kinga hiyo. Lakini mwenye ombi lililosimama akitoka nje ya nchi ile kabla ya uamuzi, ombi huhesabiwa kuwa ameliondoa. Mwanafunzi wa aina hiyo asije harusini. Harusi atatumiwa picha. Na popote mtu alipo, stakabadhi ya kupeleka ombi ndiyo kinga yake njiani. Aitoe nakala, moja akae nayo, nyingine aitume nyumbani.

Liko jambo moja zaidi ambalo halimhusu mpitilizaji peke yake. Tarehe 20 Agosti 2025 Marekani ilianza kuwataka raia wa Malawi na Zambia, majirani zenu hawa, waweke dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000 wanapoomba visa ya matembezi au ya biashara, na sababu iliyotolewa ni wingi wa waliopitiliza muda. Fedha hiyo hurejeshwa kwa anayetoka kwa wakati. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule jina la Tanzania nalo likaongezwa. Mzee wa Hasamba ambaye hajawahi kumkosea mtu, akitaka kwenda kumwona mjukuu wake aliyezaliwa huko, akadaiwa dhamana inayozidi thamani ya shamba lake la kahawa, analipa kwa ajili ya watu asiowajua.

Kwa wale ambao muda umeshapita, maana najua wapo wenye jamaa wa hali hiyo na wanaona haya kuuliza mbele za watu: asikimbie kwa njia ya panya. Atokaye kwa siri hubaki katika kumbukumbu za nchi ile kama mtu aliyemo bado, na siku zake huendelea kuhesabiwa. Aende ofisi ya uhamiaji kwa hiari kabla ya kukamatwa, akiwa na tiketi kama anaweza kuipata, na aeleze sababu kwa vyeti: cha hospitali kama aliugua, cha polisi kama aliibiwa. Katika nchi nyingi anayejitokeza mwenyewe huadhibiwa kwa wepesi kuliko anayekamatwa. Na fomu yoyote itakayomuuliza baadaye, aijibu kweli, kama nilivyojibu mimi, ijapokuwa nilijua gharama yake.

Nitakaa hapa ofisi ya Kata hadi kesho saa kumi jioni. Mwenye swali la mtu maalumu aje na nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye muhuri, tuzihesabu siku pamoja kwa kalenda. Mzee mwenye binti Ghuba naomba awe wa mwanzo, kwa kuwa kibali cha binti yake kimebakisha siku arubaini na tatu.